Kaya ya Juu ya Paa

Juzi jioni, katika jiko la bweni letu hapa Guangzhou, msichana wa Kipolandi anayesomea uhandisi alikuwa anachemsha bitiruti kwa kitunguu saumu. Harufu ile ya udongo wenye utamu ilinikuta mlangoni, nikasimama na sufuria yangu ya wali mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Alikuwa anaongea na simu, anazungumza na kwao, na katikati ya maneno yake yaliyosuguana kama makapi makavu nikalisikia moja ninalolijua. Gospodarstwo. Alipokata simu nikamwuliza kama wazazi wake ni wakulima. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanitazama.

"Neno hilo umelijulia wapi?"

Nikamwambia nimelisoma mahali. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba nilifundishwa neno hilo katika mji huu huu, juu ya paa, nikiwa na miaka tisa, mwaka ule mama yangu alipoletwa China na baba yangu.

Nyinyi wa rika langu mtawakumbuka akina baba wa China. Sisi Tanga tulikuwa nao katika kila mtaa. Walikuja mara moja kwa mwaka na marashi mapya na maboksi ya suruali za jinzi, wakakaa siku chache, wakagawa saa na viatu vya taa, kisha wakaondoka na watu wakabaki wanawahesabia sifa. Wangu mimi alikuwa mmoja wao. Mama hakukaa Tanga mjini. Alikuwa Msambaa wa Lushoto, akalima kabichi kwenye mteremko wa baba yake, na mimi nikasoma shule nzuri ya Kiingereza kwa pesa za Baba. Kwa hiyo Baba alipopiga simu kusema tujiandae, sasa tutaishi wote kama familia, Mama alimkabidhi kaka yake mteremko wake, akagawa kuku, akashona magauni mawili. Sijamwona tena Mama akicheka namna alivyocheka akipima yale magauni.

Nyumba ya Baba ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani nyuma ya mtaa wa Xiaobei, ngazi tupu bila lifti. Nakumbuka tulipofika mlangoni, kabla hata sijatua begi, niliona ndara zimepangwa kwenye rafu ndogo. Za Baba, kubwa. Za mwanamke, zenye ua jekundu. Na jozi moja ndogo sana ya mtoto, yenye masikio ya sungura. Nilizichukua zile za sungura nikacheka, maana hazikuingia hata vidole vyangu. Mama hakucheka.

"Za mwenye nyumba," Baba akasema. "Hapa wanamwita fangdong. Huwa anapitapita."

Mwenye nyumba alipita kesho yake. Hakubisha hodi, alifungua kwa ufunguo wake. Alikuwa mwanamke wa Kichina mwenye nywele fupi na mikono ya kazi, jina lake Bi Lan, na alishika mkono wa mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, mwenye nywele za kujisokota na rangi ya chai ya maziwa.

"Huyu ni Meimei," Baba akaniambia. "Mpende."

Yule mtoto akaachia mkono wa mama yake, akamkimbilia Baba, akamkumbatia mguu. "Baba!" akasema. "Baba, Baba."

Furaha niliyoipata siku ile sijui niifananishe na nini. Nilikuwa sijamsikia mtu mwingine, ila wazazi wangu, akiongea lugha yetu tangu tushuke kwenye ndege, na sasa kumbe mtoto mdogo wa Kichina anakijua Kiswahili. Nikakimbia jikoni. "Mama, umesikia? Yule mtoto anajua Kiswahili. Amesema baba."

Mama alikuwa anaosha mchele. "Nimesikia," akasema. Akamwaga maji, akaweka mengine, akayamwaga, akaweka mengine, mpaka yakawa maangavu ya kunywa.

Tangu hapo Bi Lan akawa anamleta Meimei kila asubuhi, kisha yeye na Baba wanashuka pamoja kwenda dukani kwao Guangyuan Xilu, kwenye majengo yale ya nguo ambako wachukuzi husukuma marobota mpaka unapishana nao kwa ubavu. Mimi nilikwenda darasa dogo la watoto wa wageni. Nikirudi namkuta Mama amembeba Meimei mgongoni kwa kanga, anapika. Alimlisha, alimwogesha, alimsuka. Nilimwuliza kwa nini mwenye nyumba hamlei mwanawe. Mama akasema, "Mtoto hana kosa, Zaina." Hilo halikuwa jibu la swali langu, nami nikaona Mama hajanielewa.

Juu ya kichwa chetu, kwenye paa la jengo, kando ya matangi ya maji, palikuwa na chumba cha bati alichopanga Bibi Danuta. Alikuwa Mpolandi wa umri wa nyanya, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kuinama, na kazi yake ilikuwa kuwaimbisha watoto Kiingereza katika chekechea. Aliniambia kazi yenyewe ni kusimama getini asubuhi ili wazazi wamwone ni Mzungu. Kwao alikuwa mwalimu wa lugha kwa miaka yote ya ujana wake. Kwenye paa lile alikuwa ameotesha mboga katika maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki wa barafu: bitiruti, figili, na majani membamba kama nywele yenye harufu iliyokaribia shamari.

Siku Mama alipopanda kuanika nguo akaliona lile shamba, aliweka beseni chini. Akainama, akalishika jani la bitiruti, akageuza upande wa chini akaona wadudu, akawaponda kwa ukucha. Bibi Danuta alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuwaunganisha. Mama akaonyesha udongo, akatikisa kichwa: umechoka. Bibi Danuta akaitikia kwa kichwa: najua. Kesho yake Mama alitafuta udongo mweusi mahali walipokuwa wanachimba barabara, akaujaza kwenye mfuko, akaupandisha ngazi zote kwa kichwa, majirani wakitoka milangoni kumtazama. Akapanda kabichi, na mchicha, na maboga yatambae kwenye waya za nguo. Mimi nikawa mkalimani wao, kwa Kiingereza changu cha Lushoto.

Ndipo nilipolisikia lile neno. Bibi Danuta alinyoosha mkono juu ya maboksi yote, akasema kwa fahari ya mzaha, "Gospodarstwo."

Nilidhani ni jina la maboksi. Akacheka, akaketi juu ya ndoo, akanieleza taratibu kama ualimu ulivyomzoesha. Kwao, alisema, shamba huitwa hivyo. Lakini nyumba na waliomo ndani yake, wanaokula chungu kimoja, nao huitwa hivyo hivyo. Ng'ombe, ghala, watoto, kitanda, vyote neno moja. Mwanamume mwenye mahali hapo ni gospodarz, na mwanamke ni gospodyni.

Nikampelekea Mama habari hizo pale alipokuwa anapalilia. Alinyanyua kichwa. "Gosi? Kama mgosi?" Maana kwa Kisambaa mgosi ni mwanamume, na Mama alipokuwa mdogo mgosi wa nyumba ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaya. Akacheka kidogo. Mimi nikashika kwamba Bibi Danuta ni Msambaa kwa namna fulani, kama vile Meimei alivyokuwa Mswahili. Umri ule, kila lugha niliyoikuta niliiona ni jamaa ya kwetu iliyopotea njia.

Siku nyingine Bibi Danuta alinieleza chanzo cha neno. Ndani yake, alisema, mmefichwa mgeni. Mgeni kwao ni gość, na hapo zamani sana gospodarz lilikuwa na maana ya mwenye mamlaka juu ya wageni, yule ambaye mtu akifika ndiye wa kusema ingia au pita. Hiyo ndiyo iliyomfanya awe mkubwa wa nyumba, na shamba likafuata baadaye.

Mama aliposikia akasema, "Basi ni sisi sisi. Mwenyeji ni nani? Ni mwenye mji."

"Na neno hilo la mgeni," Bibi Danuta akaendelea, "lilipotembea likafika lugha nyingine, huko likawa adui."

"Mgeni anakuwaje adui?" nikamwuliza.

"Mtu usiyemjua akibisha hodi, bado hujui ni yupi kati ya hao wawili."

Akaniambia pia, bila kulia, jinsi kaka yake alivyouza gospodarstwo ya wazazi wao. Ng'ombe walipakiwa kwenye lori yeye akiwa jikoni anawapikia wapakiaji chakula cha mchana, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni wapakiaji wa nini.

Mimi nililishika la kwangu tu. Kwamba shamba na nyumba ni kitu kimoja, na sisi shamba tunalo, basi na nyumba tunayo. Kila kabichi iliyofunga niliiona ni ukuta. Nilimwambia Mama usiku mmoja kabla ya kulala kwamba sasa hata fangdong hawezi kutufukuza. Akanivutia shuka mpaka kidevuni.

Mwezi wa baridi ulipofika Bibi Danuta alitualika kwenye mlo wa mkesha wa Krismasi yao. Mama alisita kwa sababu ya dini, kisha akasema chakula cha jirani si ibada, na kama hakuna nguruwe wala pombe, tutakula. Hakukuwa na nyama kabisa, kwao siku hiyo hawaigusi. Palikuwa na samaki, supu nyekundu ya bitiruti, na kabichi ya Mama iliyopikwa na uyoga mkavu ambao Bibi Danuta aliununua kwenye soko la Yide Lu. Alitandika shuka nyeupe juu ya ubao, akaweka sahani ya kila mmoja, na moja ya ziada ambayo haikuwa ya mtu. Hiyo, alisema, ni ya mgeni asiyetarajiwa. Desturi yao ilikuwa kungoja nyota ya kwanza, na mbingu ya Guangzhou haina nyota. Tulingoja kwa subira mpaka nikaonyesha taa nyekundu juu ya jengo refu. Bibi Danuta akaitazama sana. "Inatosha," akasema.

Hatujamaliza supu, Bi Lan akatokea ngazini, Meimei mkononi, anahema. Ndipo nikaona tumbo lake, alikuwa na mimba na sikuwahi kuitambua. Nyuma yake akaja Baba. Bibi Danuta akasimama, akamwonyesha Bi Lan sahani ya mgeni, na Mama, kabla mtu hajasema lolote, akampakulia samaki, ile sehemu nono ya tumbo, akamtolea miiba Meimei.

Bi Lan alikula kidogo, akashukuru. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuokota Kichina cha mtaani, akaniomba nimwambie Mama jambo. Alisema polepole, kwa adabu, na mimi nilijivuna kwamba nilielewa karibu kila neno.

"Mama, anasema wazazi wake wanakuja mwaka mpya wa Kichina. Watakaa hapa mpaka mtoto azaliwe. Anataka ubaki umsaidie kupika na kumlea Meimei. Watalala chumba chetu, sisi tutalala jikoni. Na anasema wakiuliza, watawaambia wewe ni ayi."

"Ayi ni nini?" Mama akauliza.

"Ni shangazi," nikasema. Darasani kila mwanamke mzima tulimwita ayi, tukafundishwa ni heshima. "Utakuwa shangazi."

Baba alikuwa anaangalia matangi ya maji.

Bibi Danuta aliweka kijiko chini. Yeye alikuwa ameishi mji huu miaka mingi kuliko sisi. "Zaina," akasema, "mwambie mama yako sawasawa. Ayi ni shangazi, kweli. Lakini mwanamke anayekuja nyumbani kwako kupika na kufagia, ukamlipa, naye anaitwa ayi." Akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba hata kwao neno gospodyni liko hivyo. Ni mama mwenye nyumba. Na ni mpishi wa kuajiriwa katika nyumba ya padri.

Nikalitafsiri lote, neno kwa neno, kwa sauti yangu ya kukariri darasani. Nilipofika mwisho ndipo nikaona uso wa Mama.

Hakupaza sauti. "Baba Zaina," akasema, "ya kuoa ungeniambia. Dini yetu inakuruhusu, ningekuja na kitenge cha mke mwenzangu. Mwanao nimembeba mgongoni tangu siku niliyofika. Nilijua ni wako, ana masikio ya mama yako. Nilingoja useme."

"Mama Zaina, ni jina tu," Baba akasema. "Ni kwa muda mfupi. Wazazi wake ni watu wa kijijini, hawatafahamu. Nyumba ni yake, duka ni lake, leseni ni yake. Mimi hapa sina kitu. Unataka nifanyeje?"

"Ulinileta kwa ndoa au kwa kazi?"

"Tusizungumze haya mbele ya wageni."

"Wageni," Mama akasema. Akawatazama wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, Bi Lan na tumbo lake, Bibi Danuta, mimi, Meimei mwenye samaki shavuni. "Niambie wageni ni nani hapa."

Meimei akamwita, "Baba," akimnyooshea mikono, na safari hii sikufikiri kwamba ni Kiswahili. Baadaye, darasani, nilimwuliza mwalimu kuhusu jina la Meimei. Akanieleza kwamba si jina. Ni mdogo wako wa kike. Siku ya kwanza kabisa Baba alikuwa ameniambia kweli, ila aliisema kwa lugha ambayo alijua siijui.

Mama aliomba pasipoti zetu kesho yake asubuhi. Baba alichelewesha, akabembeleza, akanuna, mwishowe akakata tiketi. Bi Lan alimletea Mama koti la baridi, jipya, wakatazamana machoni, na Mama akalipokea. Sijui hadi leo walichokuwa wanakubaliana kwa macho yale. Siku ya kuondoka nilipanda paani nikamkuta Mama anakata kabichi zote, hata zile ambazo hazijafunga, anamrundikia Bibi Danuta mlangoni.

"Tunaondokaje?" nikamwuliza. "Si tuna gospodarstwo?"

"Udongo tuliubeba sisi," akasema, kisu kinaendelea. "Paa ni la mtu."

Bibi Danuta alimpa mbegu za bitiruti zilizofungwa ndani ya gazeti. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono yenye udongo, kama wanaume wanaomaliza biashara.

Nilipokuja kusoma hapa nililitafuta jengo lile. Paani wameweka mitambo ya jua na mlango umefungwa kwa kufuli. Hakuna aliyewahi kusikia habari za Mpolandi. Baba bado yupo. Tulikutana mara moja, chini ya jengo la Tianxiu Dasha, amenenepa na mvi zimemjaa. Alinipeleka kula nyama ya kondoo, na mwenye hoteli alipomwuliza mimi ni nani, alisema, "Mtoto wa nyumbani." Ukitoka kwetu unajua kwamba hayo yanaweza kuwa mwana, na yanaweza kuwa mtoto yeyote wa jirani. Nilimaliza chakula changu. Hajapiga simu tena, wala mimi.

Lakini katika mwaka ule, kinachoniuma zaidi hakikutokea Guangzhou. Nimewahi kumsamehe Baba kwa siku kadhaa mfululizo, nikifikiria leseni ile na duka lile na woga wake. Lushoto ndiko sijaweza.

Tulifika jioni kwa basi, ukungu umeshashuka, Mama amevaa lile koti la Bi Lan. Nyumba ni ile aliyozaliwa. Babu alikuwa amefariki zamani, na mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaya sasa. Chumba chetu walikuwa wamekijaza magunia ya viazi. Mjomba alitukaribisha vizuri, alichinja kuku, na majirani walikuja kuuliza habari za China. Mama aliwaambia kuna baridi. Mke wa mjomba alisukuma magunia upande mmoja akatutandikia mkeka, na alipotuaga alisema, "Jisikieni mpo nyumbani." Mama alikaa akiwa macho, akisikiliza maneno hayo baada ya mwenyewe kuondoka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi asubuhi ya kwanza, chai haijachemka, mke wa mjomba alikuja mlangoni ameshika jembe. Jembe lilikuwa la Mama mwenyewe, mpini wake nilikuwa naujua.

"Wifi," akasema, "kile kipande cha chini mtoni hakijaguswa."

Mama alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya magunia. Alilipokea jembe kwa mikono miwili, kama inavyopokewa zawadi, akasema asante, akashuka nalo.